Saa ya Bawabu wa Chuma

Kitabu kililetwa kikiwa kimevunjika mgongo. Jalada la mbele lilishikiliwa na utepe wa gundi uliogeuka rangi ya chai, kurasa za mwanzo zilikuwa zimechomoka, na zote zilifungwa pamoja kwa mpira wa nywele. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye mashine ya kukatia karatasi, nikinyoosha kingo za tasnifu za wanafunzi wa chuo, kazi inayoilisha karakana yetu na kuniua mimi kwa uchovu wa moyo. Mama Jalada, mwenye karakana, alipaza sauti bila kuinua macho.

"Malenga! Njoo umwone mgonjwa wako."

Ananiita Malenga tangu siku aliponikuta nimebandika beti zangu juu ya swichi ya taa. Yeye alidhani ananitania. Mimi nililipokea jina lile kama mtu anayepewa haki yake.

Nilikuja nikijifuta gundi mikononi. Mwenye kitabu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya fremu nyekundu. Nilimjua kwa sura: anafanya kazi duka la miwani la mtaa wa pili, ndiye anayewapima watu macho. Nikakigeuza kitabu nisome jina lake.

Mji wa Saa Zilizolala. Jina lilikuwa kwa Kiingereza, lakini mimi nilishalifanya la Kiswahili zamani sana, na kichwani mwangu halina jina jingine.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Salamu kwanza, fundi. Au siku hizi mmeziacha?"

"Shikamoo, dada. Hiki umekitoa wapi?"

"Marahaba. Ni changu. Nimekisoma mpaka kimechoka. Nataka kipone, ila usinibadilishie sura. Jalada lirudi hilohilo."

"Sijauliza ugonjwa. Nauliza, gemu lake unalijua?"

"Gemu gani?"

Mama Jalada akacheka kwa pua. "Basi umemtia kiberiti, mwanangu. Vuta kiti, leo hutoki."

Ni lazima nieleze, kwa sababu watu wengi wakisikia gemu wanafikiria mpira na bunduki. Mjomba wangu alipopata kazi ya mbali alituachia kompyuta yake, dude lililokuwa jeupe likageuka manjano, zito kama mfuko wa saruji. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Unaanza ukiwa mtengeneza saa, mwanamke kijana, umesimama mbele ya lango la mji ambao saa zake zote zimesimama na watu wake wote wamelala wima, kila mmoja mahali alipokuwa. Chini ya kioo kuna vitenzi vichache: chukua, fungua, sukuma, vuta, ongea, mpe. Basi. Kwa vitenzi hivyo na kamusi iliyochanika herufi ya mwisho, niliingia mji ule nikiwa bado mwanafunzi, na sijui kama nimewahi kutoka.

Mule hakuna anayekukimbiza. Unasimama mbele ya mlango uliofungwa, na mlango unakungoja. Unaweza kwenda kununua sukari, ukaugua homa, ukapona, ukarudi, nao uko palepale. Unaubeba mlango huo unapooga, unaubeba unapofokewa na mwalimu, halafu siku moja, katikati ya kumenya viazi, unajua: kamba! Kamba ya kengele ndiyo inayofunga lile gurudumu! Unatupa kisu unakimbia. Nawaheshimu wanaopenda mpira, lakini nani kati yao amewahi kufunga bao akiwa anamenya viazi?

Raha hiyo nilikuwa nayo peke yangu. Rafiki zangu walikuja, wakatazama kidogo, wakauliza, "Sasa huyu mbona amesimama tu?" Wakaondoka. Niliacha kuwaalika. Kisha nikawa mtu mzima, na mtu mzima hana wa kumwambia kwamba anafikiria lango.

Na sasa hapa palikuwa na mwanamke aliyeijua njia ya kuingia mjini, chemchemi iliyokauka, soko la wauza vioo. Alimjua Bawabu. Bawabu ni mlinzi wa lango, mtu wa chuma, ndiye pekee asiyelala, na ndiye anayeongozana na mtengeneza saa hadi mwisho. Yule dada alipotamka jina lake nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia arudi baada ya wiki.

Sikujua kabisa kwamba mchezo ule uliandikiwa riwaya. Nilikisoma huku nikikitibu. Nilizishona kurasa, nikapaka gundi, nikakibana kwenye ubao, na kila kilipokauka nilikifungua nisome sura nyingine. Nilikianza kwa dharau. Riwaya ina njia moja tu, nilisema. Mwandishi amekushika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Mlango unafunguka kwa sababu ukurasa umefika, si kwa sababu wewe umefikiri. Lakini mle ndani palikuwa na jambo ambalo mimi, kwa miaka yangu yote ya kubonyeza, sikuwahi kulijua. Mtengeneza saa anaogopa ngazi. Mchezoni nilimpandisha na kumshusha ngazi maelfu ya mara bila kumwonea huruma, kumbe kila mara alikuwa anahesabu vidato kwa kunong'ona ili asianguke. Nilikiweka kitabu chini nikaenda kunywa maji. Niliona haya mbele ya mtu asiyekuwepo.

Dada wa Miwani aliporudi nilimpa kitabu chake kikiwa kimesimama wima kama askari. Akakifungua, akakinusa, akacheka.

"Umekisoma."

"Nimekijaribu tu uzi."

"Fundi, umeacha alama ya kidole cha gundi sura ya tisa. Sura ya tisa ndipo watu hulia. Sema ukweli."

"Nimekisoma," nikasema. "Si kibaya. Lakini ni kivuli, dada. Mtu mwenyewe ni gemu."

"Gemu!" Alimgeukia Mama Jalada. "Mama, umemsikia? Kitabu kizima, kina maneno, kina watu, anakiita kivuli. Mwenyewe anacheza vitufe."

"Huyo ukimgusa hapo umemgusa jicho," alisema Mama Jalada. "Mimi juzi nimesema mchezo wake una vikaragosi, hakula mchana."

"Vikaragosi," nikasema, "vina mambo ambayo kitabu chake hakiyajui hata kwa ndoto."

"Mambo gani?"

"Njoo Jumamosi tukifunga kazi. Nitakuonyesha. Ukitoka hapa utakiri mwenyewe."

Nilisema hivyo nikijipiga kifua, kwa sababu nilikuwa nacho kitu. Nikieleze.

Mwisho wa riwaya unakwenda hivi. Mtengeneza saa anafika chini ya mnara, kwenye saa kuu ya mji. Inabidi aizungushe ili watu waamke. Lakini Bawabu anaishi kwa kipande cha springi kilichokatwa kutoka saa hiyohiyo. Ikizunguka, springi yake itarudi kwenye saa kuu, naye atasimama milele. Bawabu anamwambia: "Hakuna njia nyingine. Zungusha." Anazungusha. Mji unaamka, Bawabu anabaki mkono wake hewani. Gemu nalo huishia hapo, kwa karibu kila anayelicheza.

Ila kuna mwisho mwingine. Mwanzoni kabisa, langoni, kabla hujajua lolote, Bawabu anakuuliza: "Unacho chochote cha kunipa?" Mtengeneza saa amevaa saa ya mkononi ya marehemu mama yake. Hakuna mwenye akili timamu anayeitoa; ndiyo saa pekee inayotembea mji mzima, na bila hiyo utapata taabu sokoni, itabidi usome muda kwa vivuli. Kila mtu anajibu "Sina." Mimi, nikiwa kijana mkaidi niliyechoshwa na kumwona Bawabu akifa, siku moja nilimpa. Nilihangaika na vivuli mwezi mzima. Na kule chini, springi yake ilipotoka, ile ya saa ya mama ikamshika. Alitikisika, akainama, akainuka. Niliruka hadi nikapiga kichwa kwenye rafu, na nyumbani hapakuwa na mtu.

Hilo ndilo lililokuwa langu. Wengine wana nyumba, wana vyeti. Mimi nilimwokoa Bawabu, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kunielewa nikimwambia. Sasa amepatikana.

Kompyuta ya karakana ndiyo tunayochapia majalada. Niliuhamishia mchezo humo na kuucheza mwanzo wote mwenyewe kabla Dada wa Miwani hajafika, nikatoa saa langoni, nikamwachia aanzie sokoni. Mama Jalada alikaa mbele na uzi wake wa kushonea, akijifanya hatutazami.

Dada alishika kipanya kama mtu anayeshika kifaranga. Bawabu alipoinua mguu wa kwanza, akapiga kelele.

"Anatembea! Mama, njoo uone, Bawabu anatembea! Kumbe anachechemea kidogo, mguu wa kushoto. Kitabu hakikusema."

"Ehe," nikasema. "Kivuli hakichechemei."

"Nyamaza wewe. Niende wapi?"

"Unaijua njia. Umeisoma mara ngapi?"

Aliijua. Aliipita kila njia akiwa na kitabu kichwani, akajikwaa palepale ambapo riwaya ilikuwa imeruka. Kwenye lango la pili kuna kitendawili, na riwaya ilikitaja kwa mstari mmoja ikapita. Mchezoni kipo kizima, kwa Kiingereza kigumu. Nilimsomea kwa Kiswahili changu, nilichokitengeneza zamani kwa mizani ya nane:

Natembea sina nyayo,
nahesabu sina moyo,
mikono niliyo nayo
haijashika kijiko.

Alinitazama juu ya miwani. "Hiyo ya nani?"

"Yangu."

"Hapo kwenye kijiko umenivunja mbavu. Jibu ni saa, hata mtoto anajua. Lakini kijiko!" Akaandika jibu, lango likafunguka, na akabaki anacheka peke yake. Nilijifanya natafuta mkasi. Kuna sifa za watu mia ukumbini, na kuna mtu mmoja aliyecheka mahali ulipotaka acheke. Nilichukua hiyo ya pili, nikaenda nayo nyumbani.

Halafu akaona. Ana macho ya kazi, huwezi kumficha kitu.

"Fundi. Saa ya mama yake iko wapi? Hapa sokoni anapaswa kuitazama."

"Hana."

"Hana kivipi? Nani kaichukua?"

"Utaona mwisho. Ndilo lile jambo nililokuambia."

"Ungeniambia tu."

"Nikikuambia nitakuwa kitabu."

Alinipiga bega kwa kifuko cha miwani. Basi akawa anakuja kila Jumamosi. Tulisoma muda kwa vivuli vya nguzo, tukakosea, tukarudi, Mama Jalada akitupigia kelele kutoka mbele, "Bado mnausukuma mlango huohuo? Gongeni basi, labda mna adabu mbaya!" Sijui niseme vipi. Kwa mara ya kwanza mji ule ulikuwa na mtu mwingine aliye macho. Katikati ya wiki, nikiwa nabana vitabu, nilijikuta nafikiria Dada atakavyofanya Bawabu akiinuka. Angepiga kelele ile. Labda angelia. Angenigeukia na kukiri.

Tulifika ngazi za mnara. Ilibaki milango miwili. Akasimamisha kipanya.

"Hapa nipumzike kidogo. Anaogopa, maskini. Anahesabu."

"Mimi nilijua hilo kwenye kitabu chako," nikakubali, na haikuwa rahisi.

Akatabasamu, akavua miwani akaifuta kwa ukingo wa nguo. "Unajua kwa nini kimechakaa vile? Sikukisoma mimi tu. Mdogo wangu wa kiume alipolazwa nilikuwa namsomea jioni, nikimgeuzia Kiswahili. Seremala. Tangu shule hakuwahi kugusa kitabu, alisema vinamtia usingizi. Hiki akakipenda. Nikiingia tu wodini: 'Dada, nisomee yule jamaa wa chuma.' Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakawa wanasikiliza."

Mbele, Mama Jalada alikuwa ameacha kuvuta uzi.

"Jioni ya mwisho ndiyo tulifika pale. 'Hakuna njia nyingine. Zungusha.' Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, 'Huyo jamaa ni mwanamume.' Akalala, hakuamka." Alivaa miwani, akaiweka sawa kwa kidole kimoja. "Daktari alikuwa ameniambia hivyohivyo, kwamba hakuna njia nyingine. Lakini watu wa nyumbani! Ungempeleka kule. Ungemwahi mapema. Alipoanza kukohoa ungefanya hivi. Miaka yote hii nikienda kwenye harusi, nikienda msibani, ungefanya, ungefanya. Kitabu hiki peke yake hakijawahi kuniambia ungefanya." Akashika kipanya tena. "Haya. Tumalize?"

Mkono wangu ulifika kwenye swichi kabla ya akili.

"Mashine imepata moto," nikasema. "Itaungua. Jumamosi ijayo."

"Imepata moto saa hizi? Si ilikuwa baridi?"

"Imepata moto, dada."

Akanitazama kama anavyotazama jicho la mgonjwa, akachukua mkoba wake. "Una visa wewe. Haya, Jumamosi."

Nilibaki nimekaa. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni na nani. Ule mwisho wangu, fahari yangu, niliutazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu mwingine, na nilichokiona kilikuwa ni ungefanya moja kubwa iliyovaa chuma. Ungemwokoa, kama ungetoa saa mwanzoni. Wakati hujui. Wakati anakohoa tu.

Nitasema kweli, nilibishana na nafsi yangu hadi Jumapili. Gemu ni gemu, nilijiambia. Yeye ni mtu mzima, si yai. Ukweli ni ukweli, na mimi si mtu wa kuficha ukweli, mimi niliyefukuzwa kazi ya kwanza kwa kumwambia tajiri kwamba jina la duka lake lina kosa. Na kilichonichoma zaidi sitaki kukificha: nikiuficha mwisho ule, ubishi wetu ameshinda yeye. Kitabu kimeshinda. Mimi nitakuwa mtu aliyejigamba bure.

Jumapili mchana nilikwenda karakana na ufunguo wangu. Mtaa ulikuwa mtupu, maduka yote yamefungwa, na mwanga wa madirishani ukiangukia marundo ya tasnifu. Mchezo ule wa kizamani una nafasi moja tu ya kuhifadhia; ukianza upya, unafuta ulipofika. Nilifuta. Zikaenda Jumamosi zetu zote, vivuli vyote, lango la kijiko. Nikasimama tena mbele ya lango la kwanza, na Bawabu, aliyekuwa hanijui, akaniuliza, "Unacho chochote cha kunipa?"

Tangu ile siku ya kupiga kichwa kwenye rafu, sikuwahi tena kumnyima. Kila mara nilimpa. Niliangalia saa ile mkononi mwa mtengeneza saa, vidoti vinne vya rangi ya dhahabu, nikabonyeza: "Sina."

"Si kitu," akajibu Bawabu, kama ilivyoandikwa, akafungua lango.

Nilicheza mfululizo bila kula, nikifanya haraka kama mwizi, hadi nikafika kwenye ngazi za mnara. Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda nyumbani.

Jumamosi alikuja mapema, ameleta karanga. Aliiona kabla hajakaa vizuri.

"Saa! Saa ya mama yake imerudi. Fundi, imerudije?"

"Mchezo uliharibika," nikasema. "Ilibidi nianze upya. Safari hii sikuitoa."

"Na ile siri yako? Lile jambo la mwisho?"

Niliuona uso wake umenielekea, uko tayari kucheka, uko tayari kwa lolote. Ulimi uliniwasha mpaka kooni.

"Hakuna siri," nikasema. "Nilikuwa najigamba tu. Nilidhani ukitoa saa kutakuwa na jambo. Nimejaribu, hakuna."

"Aaa!" Alipiga kofi kwa furaha. "Mama! Mama Jalada! Malenga wako amesalimu amri!"

"Huyo?" Mama Jalada alichungulia kutoka mbele na miwani yake ya kushonea. "Mpime homa."

"Amesema mwenyewe! Kivuli, kivuli, wiki zote hizi ananiringia. Kumbe kivuli ndiye alikuwa mtu. Kula karanga, mdogo wangu, usinune. Kushindwa na kitabu si aibu."

Nilikula karanga. Zilikuwa kama mchanga.

Alizishuka ngazi polepole, akihesabu kwa midomo. Mlango mmoja, mlango wa pili. Saa kuu ikajaa kioo kizima, meno yake makubwa kama milango, na Bawabu akachechemea hadi katikati. Kabla maandishi hayajatokea, Dada wa Miwani aliyasema yeye, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma karibu na kitanda.

"Hakuna njia nyingine. Zungusha."

Maandishi yakatokea. Yalikuwa yaleyale kwa Kiingereza, neno kwa neno. Akazungusha. Nilitazama kwingine, nikaangalia kopo la gundi na brashi zilizokauka ndani yake, nikasikia ile sauti ya springi ninayoijua kuliko sauti ya mjomba wangu, kisha kengele za mji.

Aliachia kipanya.

"Ni vilevile," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi, unajua? Ulivyokuwa unanitisha na siri yako. Usiku silali, nawaza huyu kijana ataniharibia Bawabu wangu." Akacheka, na machozi yakampata katikati ya kicheko. "Hakuna namna nyingine, eh?"

"Hakuna, dada."

"Kitabu kilisema kweli."

"Kilisema kweli."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama dada wa tumbo moja. "Asante. Nilitaka nimwone akitembea, na nimemwona." Mlangoni akageuka. "Usinipotee. Pita dukani tuongee vitabu. Na mashairi yako ulete, nataka kusikia mengine."

Nilisema nitapita.

Jumamosi iliyofuata Mama Jalada aliniuliza, "Mgeni wako leo?"

"Amemaliza."

"Alikualika, nilisikia. Si uende?"

"Kuna tasnifu za watu hapa."

"Tasnifu Jumamosi?" Akarudi kwenye uzi wake.

Najijua. Nikikaa naye, tukaanza Bawabu, tukaanza ngazi, akanitania kidogo kuhusu kivuli, siku moja nitasema. Sitakusudia. Nitakasirika kidogo tu, au nitafurahi kupita kiasi, na litanitoka. Kinywa changu hakijawahi kuwa na breki, na hilo nimekuwa nikilihesabu kuwa ushujaa. Kwa hiyo siendi. Ni mtu mmoja tu niliyempata wa kuujua mji ule pamoja nami, na sina budi kumkwepa mtaani.

Wiki iliyopita nilitumwa kupeleka majalada na barabara ya mkato inapita mbele ya duka la miwani. Alikuwa ndani, amemsimamia mteja mzee mbele ya ubao wa herufi, anambadilishia vioo, anamuuliza kila mara kipi bora. Aliniona. Akainua mkono wote, akanipungia niingie, na midomo yake ikasema kitu ambacho kwa ule umbali nilikielewa: "Mashairi!"

Nilimwonyesha ule mzigo wa majalada kifuani mwangu, nikatikisa kichwa, nikapita.